Hoja ya Pili

Sichana alikuja na utepe wa kupimia asubuhi, wateja wakiwa bado wachache pale Darajani, akauvuta kutoka pembe moja ya meza ya Badriya mpaka pembe nyengine kama kwamba mwenye meza hayupo.

Badriya alikuwepo. Alikuwa amekaa nyuma ya meza hiyo hiyo, vidole vimeshika rangi ya pilipili, anafunga vifuko vya achari. Achari yake haikuwa ile ya kulia pilau. Ilikuwa ya maembe yaliyokatwa vipande virefu, yakaanikwa, kisha yakavingirishwa katika sukari na pilipili, kama wanavyofanya kwao Mombasa. Alipoanza kuiuza, watu wa Unguja walimcheka. Sasa watoto wa skuli hawapiti hapo bila ya kununua.

"Unapima nini, Sichana?"

"Nataka kujua tu friza yangu kama itaingia." Sichana aliusoma utepe, akaukunja. Hakumtazama usoni. "Usinune, mwenzangu. Siku hizi zenyewe si unazisikia. Likitokea la kutokea, bora achukue jirani kuliko mtu wa mbali."

"Litokee lipi?"

"Si hilo la kutoka." Akarudi kwenye meza yake ya juisi, akaanza kukamua miwa, na mashine ikapiga kelele ya kutosha kuwazuia wote wawili wasiendelee.

Sichana hakuwa mtu mbaya. Badriya alipomzaa binti yake, Kawthar, ndiye aliyemkalia mezani na kumuuzia achari yake mpaka akatoka arubaini. Ndiyo sababu utepe ule ulimuuma kuliko maneno ya watu wengine wote. Maana maneno yalikuwa yameshakuwa mengi. Tangu mbunge mmoja asimame na kutaka nchi itoke katika Jumuiya, ile inayotuunganisha kibiashara na nchi jirani, hapakuwa na redio, baraza wala saluni iliyozungumza jambo jengine. Wateja wa miaka walimuuliza Badriya, kwa upole kabisa, anaondoka lini. Mmoja alikigeuza kifuko cha achari akauliza, "Hii ni ya hapa?" Akajibiwa kuwa maembe ni ya Donge na pilipili ni ya Pemba. Akakirudisha kifuko mezani na kusema atapita kesho.

*

Adhuhuri Badriya alirudi nyumbani Mlandege kupika. Mama mkwe wake, Bi Time, alikuwa ameshaiongeza sauti redio mpaka mwisho, na sauti iliyojaa sebuleni ilikuwa ya mumewe, Hisham.

"Kwa wasiomjua," alisema mtangazaji, "huyu ni Bwana Hisham, muuza vyombo wa Darajani, msikilizaji wetu wa siku zote."

Hisham alikuwa na sauti ya kusikilizwa. Hakupayuka wala hakuumauma maneno. Alieleza kwamba sufuria moja kutoka Dubai hulipiwa ushuru ambao watu wa Unguja hawakuulizwa kama wanautaka, kwa sababu nchi zote za Jumuiya zimekubaliana kutoza sawa. "Sisi ni watu wa bandari," alisema. "Mtu wa bandari akipangiwa ushuru na watu ambao hata bahari hawaioni, atakula nini? Tumewafungulia mlango, sasa wenyewe tunatafuta pa kukaa."

"Ah, mwanangu," alisema Bi Time. "Kama si umasikini wetu, huyu angelikuwa wakili."

Badriya alikuwa anakuna nazi. Alikubali moyoni kwamba mumewe anasema vizuri. Hapo mtangazaji akakumbusha kwamba Jumamosi, baada ya alasiri, umoja wa wafanyabiashara wa Darajani utafanya mdahalo katika ukumbi wa skuli moja ya Vuga, na utapigia kura hoja mbili. Ya kwanza, kuishauri Serikali nchi itoke katika Jumuiya. Ya pili, meza na vibanda vya wasiokuwa raia wapewe raia, bila ya kuingojea Serikali.

Mbuzi ya kukunia ilinyamaza. Bi Time akaipunguza sauti redio, ingawa hakuna aliyemwambia.

Walipokaa kula, Badriya aliwapakulia wote kwanza. Kawthar, binti yao, alikuwa amerudi skuli na sare bado mwilini.

"Hoja ya pili inanihusu mimi?" aliuliza Badriya, ambaye pasi yake ilikuwa bado ya kwao.

Hisham alimega samaki. "Hoja ya pili kaitia Kheir, mwenyekiti wetu. Mimi nimeandika ya kwanza tu."

"Sikuuliza nani kaiandika."

"Wewe ni mke wangu, Badriya. Nani atakugusa?"

"Sichana keshaipima meza."

Hisham alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka naye. "Basi tutaiandikisha kwa jina langu. Yameisha."

Alilisema kwa wema. Lakini Badriya alihisi uso unawaka. Meza ile aliipata mwenyewe, kwa miguu yake, akienda na kurudi baraza la manispaa mwaka ambao duka la Hisham liliungua na nyumba nzima ikala kutokana na achari.

"Miaka yote nauza kwa jina langu," alisema. "Leo niuze kwa jina lako."

"Tofauti iko wapi? Si nyumba moja?"

"Kama hakuna tofauti, duka lako tuliandikishe kwa jina langu."

Kawthar aliinamia sahani. Bi Time alipatwa na kikohozi, akaomba maji, na kikohozi chenyewe kilikuwa na kicheko ndani yake. Hisham alimaliza kula, akanawa, akarudi dukani kabla ya wakati wake.

*

Katika mdahalo, upande wa kubaki ndani ya Jumuiya ulikuwa umepewa Mzee Mmanga, muuza viungo, mtu mwenye heshima yake. Siku tatu kabla ya mdahalo alipeleka salamu kwamba amepata dharura Pemba. Wengine walisema dharura yenyewe ni wateja wake waliokuwa wakimuuliza kwa nini anawatetea wageni. Vyovyote iwavyo, Mmanga alipanda boti, na upande wa kubaki ukawa hauna msemaji.

Badriya alikwenda dukani kwa Kheir, mwenyekiti wa umoja, anayeuza taa na nyaya za umeme. Palikuwa na wanaume watatu kwenye benchi na Faiza, katibu wa umoja, anaandika kwenye kona. Kheir alimwona Badriya, akamwacha amesimama mpaka akamaliza kumhudumia mteja, kisha mteja mwengine, kisha akapokea simu.

"Mke wa Hisham," alisema mwishoni. "Umetumwa na bwana?"

"Nimejituma. Nataka nafasi ya Mzee Mmanga."

"Nafasi ya Mmanga ni ya kusema, si ya kuuza."

"Najua. Nimekuja kuomba kusema."

Kheir aliweka simu chini. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na alipenda kuzungumza na mwanamke kama anayembembeleza mtoto aache kulia. "Dada yangu, upande wa pili ni Hisham. Unataka kubishana na mumeo mbele ya watu? Na redio itakuwepo. Mimi ningekuwa wewe ningemwonea haya."

"Halafu hicho Kimombasa chako nani atakielewa?" aliongeza mmoja wa pale kwenye benchi. Mwenziwe akasema, "Ndoo," akaonesha kwa mkono kama anayeita mtu, na wote watatu wakacheka. Kilikuwa kichekesho cha zamani pale sokoni. Wiki ya mwanzo alipofungua meza, Badriya alimwita mtoto, "Ndoo, ndoo," na mtoto akamletea ndoo ya maji.

Faiza hakuinua kichwa. "Kila mwenye meza aliyelipa ada ni mwanachama," alisema, "na kila mwanachama ana haki ya kusema. Kanuni hiyo ulitusomea wewe mwenyewe, Mwenyekiti, mwaka jana ulipotaka tulipe. Bi Badriya kalipa."

Kheir alimwangalia katibu wake, kisha akawaangalia wanaume wa benchi, waliokuwa wameacha kucheka.

"Haya," alisema. "Aje. Ila asije akalia."

*

Badriya hakutaka Hisham alisikie kwa watu. Alimfuata dukani, akamkuta juu ya ngazi anashusha hotipoti, akamwambia hapo hapo.

Hisham alishuka ngazi moja moja. "Unataka kunivunjia heshima."

"Nataka kusema kabla hamjaniondoa."

"Hakuna anayekuondoa."

"Basi ifute hoja ya pili."

"Si yangu kuifuta."

"Na mimi mdomo wangu si wa Kheir kuufunga."

Kuanzia siku ile Hisham alikula chakula cha mchana kwenye mgahawa. Nyumbani aliongea na mama yake na binti yake, na kwa mkewe alileta salamu tu, kwa adabu, kama mpangaji. Jioni alikaa sebuleni akijisomea hotuba yake kwa sauti, na Badriya jikoni alikuwa na yake. Ukuta baina yao ulikuwa mwembamba. Hisham akitamka "ushuru wa pamoja", jikoni kunanyamaza kidogo. Badriya akianza kujibu, sebuleni kunanyamaza. Kawthar alimwambia rafiki yake kwenye simu kwamba kwao kuna bunge.

Ijumaa, Hisham akiwa msikitini, Bi Time aliingia jikoni, akavuta kibao akakaa. Kwa miaka yote alikuwa mama mkwe wa kupokea salamu na kutoa amri. Hakuwahi kumtukana Badriya, na hakuwahi kumsifu.

"Nnamsikia mwanangu," alisema, "na wewe nnakusikia. Yeye anasema vizuri."

"Najua, mama."

"Wewe unasema mbio, kama unayeogopa kukatwa. Acha wakukate, uendelee. Jengine, hiyo 'ndia' yako usiigeuze ukasema 'njia'. Ukiigeuza unakuwa kama mtu aliyevaa kiatu cha kuazima. Watu hawasikii maneno, wanaangalia unavyochechemea."

Badriya alifuta mikono kwenye kanga. "Mama, kwani wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa mwanangu," alisema Bi Time, akionekana kushangazwa na swali. "Nimemzaa. Lakini sitaki ashinde bure." Aliinuka, akaonja mchuzi, akasema chumvi haijakolea, akatoka.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanawake walikaa upande wa kushoto na wanaume upande wa kulia, mafeni yanazunguka bila ya kuleta upepo. Mtu wa redio alikuwa amefunga kinasa sauti chake mbele ya jukwaa. Badriya alivaa buibui lake la sikukuu. Alipopita, mwanamke mmoja alisogeza mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa wazi, na ikabidi aende mbele kabisa, akakae na Faiza.

Hisham alisema kwanza. Alisema kama alivyokuwa akisema sebuleni, ila sasa alikuwa na watu mbele yake, na watu walimtia nguvu. Alieleza habari za akina mama waliokuwa wakija dukani kwake kumtayarishia bibi harusi vyombo vya nyumba nzima, na sasa wanakuja kuuliza bei ya sufuria moja, wanaigeuza, wanaiweka chini na kuomba radhi. "Mtu anaomba radhi kwa kukosa fedha," alisema. "Nani kamfikisha hapo? Wanaopanga ushuru kule mbali wamewahi kumwona mama huyu akiiweka sufuria chini?" Ukumbi ulipiga makofi kwa muda mrefu. Badriya aliyasikia makofi yale yakimfurahisha na kumtisha kwa wakati mmoja, kwa sababu kila alichokisema mumewe kilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alikuwepo dukani siku mama yule alipoiweka sufuria chini.

Kheir alishika kipaza sauti. "Sasa tumsikilize mke wa Hisham."

Badriya alisimama. "Jina langu Badriya," alisema. "Nina meza ya achari. Wengi wenu mmepita kwangu mkiwa kwenye ndia ya kwenda nyumbani."

"Ndoo," alisema mtu kutoka nyuma, na kicheko kikaenea upande wa kulia.

Badriya alingoja kicheko kiishe. Aligundua kwamba hana haraka.

"Naam, ndoo," alisema. "Kwetu ukitaka mtu aje, unamwambia ndoo. Miaka yote hii nawaambia ndoo, na mumekuja. Hata huyo aliyesema hapo nyuma namjua sauti. Yeye hupenda ya pilipili nyingi."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha ukumbi mzima, na hakikuwa juu yake.

"Aliyoyasema Hisham kuhusu ushuru ni kweli," aliendelea. "Sikuja kuyapinga. Nayasikia kila siku, naishi nayo." Wanawake walicheka. "Ushuru ni mbaya. Lakini mimi nauliza, ushuru mbaya unakwenda kuugombania wapi? Si mle mle wanamoupanga? Ukitoka chumbani ukafunga mlango, waliobaki watapanga bila yako. Na kesho utakwenda kununua kwao vile vile, utalipa walivyopanga, na huna pa kusemea. Mimi nataka Hisham aende mle chumbani akaseme maneno haya haya mpaka wachoke. Hamumjui mume wangu. Watachoka."

Hisham, kwenye kiti chake, aliangalia chini, na aliyekuwa karibu naye aliona kwamba anazuia tabasamu.

"Mama yangu anakaa Kibokoni, Mombasa. Mtaani kwake kinyozi ni mtu wa Makunduchi. Muuza halua ni mtu wa Wete. Fundi anayewashonea kanzu ni kijana wa Kikwajuni, na mama yake yuko humu ndani, namwona. Juzi mama alinipigia simu akaniuliza, hivyo na huku wakiwajia hawa na tepe za kupimia, niwaambie nini? Swali lake nimelileta kwenu."

Mwanamke mmoja katikati ya ukumbi alijifunika uso kwa mtandio. Waliokuwa karibu naye waligeuka kumwangalia.

"Sasa hiyo hoja ya pili. Namwomba Mwenyekiti aisome kwa majina."

Kheir alijikohoza. "Hoja haina majina. Inasema wasiokuwa raia."

"Ndiyo maana ni nyepesi kuipigia kura. Meza zina watu, Mwenyekiti. Nsubuga anayetengeneza simu, yule pale mlangoni, ni mtu wa Uganda. Kamtengenezea simu kila mtu humu, wengine kwa ahadi tu. Na mimi ni Badriya. Anayeitaka meza yangu asimame aniambie, Badriya, ondoka. Sitabishana naye. Nitaondoka leo."

Akabaki amesimama.

Fundi Nsubuga alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakuna aliyesimama. Kheir aliangalia upande wa kulia, kisha wa kushoto, akaona kwamba kila anayemwangalia anageuza macho.

"Mambo hayafanywi hivi," alisema. "Huu ni mdahalo, si mahakama. Msemaji wa hoja zote mbili ni Hisham. Hisham, simama umjibu."

Hisham alisimama. Alikuwa na karatasi mkononi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Hoja ya kwanza niliiandika mimi," alisema, "na nikitoka hapa bado ni yangu. Hoja ya pili sikuiandika. Lakini nililetewa niione, na niliiona, nikanyamaza. Nilisema moyoni, mlango wangu itaupita tu. Nikamwambia mke wangu nitaiweka meza yake kwa jina langu. Nilidhani namsitiri." Akamwangalia Nsubuga kule mlangoni. "Kama nisingekuwa na mke wa Mombasa ningeipigia kura na kwenda kula. Nimeona vibaya kulijua hilo. Hoja ya pili naiondoa."

"Huwezi," alisema Kheir.

"Msemaji wa hoja anaweza," alisema Faiza, "akipata wa kumuunga mkono." Akageukia ukumbi. "Nani anamuunga mkono?"

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa Sichana. Alisimama upesi, kama aliyekuwa akingoja aitwe, na machozi yalikuwa yamemlowesha mpaka kidevuni. "Mimi," alisema. Mama wa fundi wa Kikwajuni akasimama, kisha safu nzima ya wauza mboga, kisha upande wa kulia, mmoja hapa na wawili pale, mpaka waliobaki wamekaa wakaanza kuona haya. Mwenye sauti ya "ndoo" alisimama pia, na alikuwa yule yule aliyekaa kwenye benchi la Kheir.

Ikabaki hoja ya kwanza. Faiza aliwauliza wanaotaka nchi itoke wainue mikono. Mikono ikainuka, si michache, na katikati yake ulikuwepo wa Hisham, umenyooka vizuri, na ukumbi mzima ukamwona. Badriya alimwona. Hakumwondolea macho, na yeye hakuushusha mkono. Kisha Faiza akauliza wanaotaka nchi ibaki na kuupinga ushuru humo humo ndani. Hapo haikuhitajika kuhesabu. Upande wa kushoto uliinua mikono kama shamba la mpunga, na nusu ya upande wa kulia ikaufuata.

Kheir alitangaza matokeo kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya bidhaa isiyokuwa yake. Hakumaliza. Vigelegele vilianzia kwa wauza mboga, vikashika ukumbi wote, na mtu wa redio akakikumbatia kinasa sauti chake kisianguke. Yule mwanamke aliyekiwekea kiti mkoba alikuja kumkumbatia Badriya kabla ya watu wengine.

Walipotaka kuchagua wa kupeleka maoni yao wizarani, walilitaja jina moja tu.

"Nitakwenda," alisema Badriya, sauti imeshaanza kumkauka. "Lakini Hisham twende naye. Habari ya ushuru yeye anaijua kuliko mimi."

*

Walitoka pamoja, magharibi haijaingia bado, wakavuka Darajani kuelekea Ng'ambo. Kila baada ya hatua chache mtu alimsimamisha Badriya kumpa mkono wa hongera. Muuza machungwa alimtia chungwa mkononi, akakataa kulipwa. Hisham alisimama pembeni kila mara, akingoja, mikono nyuma.

Walipopata nafasi ya kuwa peke yao, Badriya alisema, "Umepiga kura nitoke."

"Nimepiga kura nchi itoke. Wewe nimekwambia utoke lini?"

"Kwa hiyo hujakubali."

"Sijakubali. Ushuru ni ushuru."

Badriya alimwangalia kwa pembeni. Kama Hisham angeliinua mkono upande wa kubaki kwa ajili ya kumfurahisha yeye tu, Badriya asingelimwamini tena, si redioni wala nyumbani. Hilo alilijua sasa, na lilimfanya atembee kwa wepesi.

Penye baraza ya kahawa, wanaume waliokuwa wamezunguka redio waliwaona wakija. Mmoja wao, mshona viatu aliyekuwa akimtania Hisham tangu utotoni, hakuweza kujizuia.

"Hisham, tumekusikia hewani. Umeshindwa na mkeo."

Hisham alisimama. Alijinyoosha, akaweka kofia yake sawa. "Naam," alisema. "Nimeshindwa na mke wangu. Kheir kashindwa na mke wangu. Ukumbi mzima umeshindwa na mke wangu. Wewe uliyekaa hapa na kikombe, umeshindwa na nani?"

Baraza zima liliangua kicheko, na mshona viatu alicheka kuliko wote. Muuza kahawa, mzee ambaye siku zote alimwita Badriya mke wa Hisham, aliinua buli lake. "Hongera, Bi Badriya," alisema. Na wenziwe wakaitika, "Hongera, Bi Badriya."

Walipoingia kichochoro cha kwao walikuwa wameshaanza tena. Hisham alisema kwamba hilo la kugombana ndani ya chumba ni zuri kulisema, lakini chumba chenyewe kina viti vingi na sisi tumepewa kimoja. Badriya akasema kimoja ni kingi kuliko sifuri. Hisham akasema sufuria hazijui hesabu hiyo. Badriya akasimama katikati ya kichochoro, akaweka mkono kiunoni, na sauti yake ikapanda kwenye kuta za pande zote mbili bila ya yeye kujali nani anasikia.

Dirisha lilifunguka juu. Jirani alitoa kichwa, kitambaa cha jikoni begani.

"Nyinyi, mdahalo haujesha tu?"

"Haujesha," alijibu Badriya, akamgeukia mumewe.